Notisi ya siku saba haitoshi kwa mwenye lori la mkopo

Msimu wa kusaga miwa katika bonde la Mto Ruaha Mkuu kwa kawaida huanza katikati ya mwaka, mashamba yanapokuwa yamekauka, na hufungwa mapema mwaka unaofuata kabla masika hayajageuza barabara za mashambani kuwa tope. Katika miezi hiyo, kutoka Ruhembe hadi Kidodi na Ruaha, wilayani Kilosa, malori na matrekta yenye matrela hupishana yakipeleka miwa kiwandani.

Sehemu ya magari hayo si mali ya kiwanda wala ya vyama vya wakulima. Ni ya watu binafsi: mwenye Fuso moja, ndugu wawili waliochangiana kununua trekta, mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake kwenye trela. Hufanya kazi chini ya wakandarasi wa kukata, kupakia na kusafirisha miwa. Mwaka wa kwanza husaini karatasi. Mwaka wa pili na wa tatu mara nyingi hakuna anayesaini kitu. Msimu unapofunguliwa simu hupigwa, gari huingia shambani, na malipo huendelea kwa bei iliyozoeleka.

Utaratibu huo hauna ubaya kazi inapokuwepo. Ubaya wake huonekana siku mmoja anaposema basi. Hapo ndipo mwenye gari huitafuta ile karatasi ya mwaka wa kwanza, na akiipata hukuta mstari ambao hakuuzingatia siku ya kusaini: upande wowote unaweza kusitisha mkataba kwa kutoa notisi ya siku 7.

Mstari huo mmoja unaweza kuamua kama lori litabaki kwa mwenyewe au litachukuliwa na benki. Hata hivyo, katika mazungumzo ya mikataba midogo vijijini, bei kwa tani ndiyo inayogombewa kwa saa nzima, na urefu wa notisi hupita bila swali.

Mkataba usio na tarehe ya mwisho

Mikataba ya namna hii haiko kwenye miwa peke yake. Mji wa Mikumi uko kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Dereva mwenye gari lake la kubebea watalii huitwa na kampuni kila wageni wanapokuja. Mama anayeuza mboga, kuku na mayai huzipelekea nyumba za wageni mzigo ule ule kila Jumatatu na Alhamisi. Huko Kilosa mjini na Kimamba, mwenye trekta hulima mashamba ya wateja wale wale kila msimu. Wote hao wana kazi inayojirudia, lakini hakuna anayejua itakoma lini.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa hawakusaini upya, hawana mkataba. Si kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano yaliyofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali, hata kama yalifanywa kwa mdomo. Aidha, pande mbili zinapoendelea kufanya kazi na kulipana baada ya muda wa karatasi kwisha, mwenendo wao unaweza kuwa ushahidi kwamba mkataba unaendelea.

Jambo ambalo Sheria ya Mikataba haimpi mkandarasi ni idadi ya siku za notisi. Siku hizo hupangwa na wanaokubaliana. Wasipopanga, na mgogoro ukafika mahakamani, kinachotafutwa ni muda unaofaa kwa kuangalia aina ya kazi, urefu wa uhusiano na gharama ambazo mtu ameingia kwa kutegemea kazi hiyo. Ni swali linaloweza kuchukua muda mrefu na fedha nyingi kulijibu. Sentensi moja kwenye mkataba hulimaliza kabla halijaanza.

Wazee wa Kimamba na Rudewa wanaokumbuka mashamba ya mkonge wanalijua neno manamba, yaani vibarua walioletwa kutoka mbali kwa mkataba. Mazingira ya kazi yalikuwa magumu na ujira mdogo, lakini mkataba wa manamba ulikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana. Mkandarasi mdogo wa leo ana uhuru ambao manamba hakuwa nao, lakini siku ya mwisho ya kazi yake hajaambiwa.

Siku 7 kwa tajiri, siku 28 kwa dereva

Mwenye gari mmoja ana mikataba miwili kwa wakati mmoja, ingawa mara nyingi huufikiria mmoja tu. Wa kwanza ni kati yake na mkandarasi anayempa kazi. Wa pili ni kati yake na dereva na utingo wake. Kwa mkataba wa kwanza yeye ni mtoa huduma. Kwa ule wa pili yeye ni mwajiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kiwango cha chini cha notisi kwa mwajiriwa. Mkataba wa ajira ukisitishwa ndani ya mwezi wa kwanza, notisi isipungue siku 7. Baada ya hapo, anayelipwa kwa siku au kwa wiki anastahili notisi isiyopungua siku 4, na anayelipwa kwa mwezi siku zisizopungua 28. Notisi hiyo iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Mwajiri anaweza kulipa mshahara wa siku hizo badala ya kumbakiza mtu kazini. Pande mbili zinaweza kukubaliana muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa wote wawili.

Hapo ndipo tajiri wa gari anapobanwa. Mkandarasi anaweza kumwachisha kazi kwa siku 7, lakini yeye hawezi kumwachisha dereva anayelipwa kwa mwezi chini ya siku 28. Tofauti ni siku 21, na mshahara wa siku hizo unatoka mfukoni mwake wakati gari limesimama.

Tena si notisi peke yake. Dereva aliyefanya kazi kwa miezi 12 mfululizo au zaidi, akiachishwa kwa sababu isiyo ya utovu wa nidhamu, kwa kawaida hudai kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioukamilisha, hadi miaka 10. Mwenye gari anayepanga bei ya usafirishaji bila kuweka fungu hilo anajidanganya kuhusu faida yake.

Kanuni ya kwanza kwa mkandarasi mdogo mwenye waajiriwa ni nyepesi: notisi anayodai kutoka juu isiwe fupi kuliko notisi anayodaiwa na watu wa chini yake. Akiwa na dereva wa mwezi, siku 28 ndiyo ngazi ya mwisho ya kushuka.

Ni mkandarasi au ni mwajiriwa?

Kabla ya kugombania siku za notisi, ni vizuri kujua mtu yuko upande gani. Baadhi ya wanaoitwa wakandarasi, au wanaofanya kazi kwa mtindo wa deiwaka, ni waajiriwa mbele ya sheria.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, kama walau moja kati ya dalili zilizotajwa ipo, bila kujali mkataba umeitwaje. Miongoni mwa dalili hizo ni namna ya kazi au saa za kazi kupangwa na mwenye kazi; mtu kuwa sehemu ya taasisi husika; kufanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita; kutegemea kipato cha mwenye kazi huyo; kupewa vifaa vya kazi; au kumfanyia kazi mtu mmoja tu.

Chukua madereva wawili wa Mikumi. Wa kwanza ana gari lake, hulihudumia mwenyewe, huchukua wageni wa kampuni nne tofauti na hukataa safari asiyoitaka. Huyo ni mkandarasi, na notisi yake ni ile aliyoikubali. Wa pili huendesha gari la kampuni, huvaa fulana yenye nembo yake, huambiwa saa ya kufika getini na kwa miaka mitatu hajaendesha wageni wa mtu mwingine. Karatasi yake inaweza kusema "mkandarasi wa kujitegemea", lakini mwenye kampuni ndiye atakayetakiwa kuthibitisha hivyo. Akishindwa, dereva huyo ana haki ya notisi ya mwajiriwa na haki nyingine zote zinazofuatana nayo.

Ni onyo pia kwa mwenye lori. Dereva anayelipwa kwa tripu anaweza kuonekana si mwajiriwa, lakini anaendesha gari la tajiri, kwa saa alizopangiwa na hana kazi nyingine.

Hesabu ya notisi

Thamani ya notisi inaweza kukokotolewa kwa shilingi. Chukua mfano wa kufikirika wa mwenye lori mwenye gharama zisizokwepeka kila mwezi, gari litembee lisitembee: rejesho la mkopo Sh2,400,000, mshahara wa dereva Sh400,000, utingo Sh200,000, ulinzi, maegesho na bima Sh150,000. Jumla ni Sh3,150,000, sawa na Sh105,000 kwa siku.

Chukulia kwamba akipoteza kazi humchukua siku 45 kupata nyingine ya uhakika. Akiwa na notisi ya siku 7, huku akiendelea kufanya kazi na kutafuta nyingine, zinabaki siku 38 za gari kusimama. Hasara ni Sh3,990,000. Akiwa na notisi ya siku 30, zinabaki siku 15, na hasara ni Sh1,575,000. Siku 23 za ziada zina thamani ya Sh2,415,000.

Hesabu hiyo humsaidia pia kwenye meza ya mazungumzo. Mkandarasi mkubwa anaweza kumwambia kwamba akitaka notisi ndefu apunguze bei. Apunguze kiasi gani? Kama anaona hatari ya kuachishwa ni mara moja katika misimu mitano, faida ya notisi ndefu kwa msimu mmoja ni Sh2,415,000 kugawa kwa 5, yaani Sh483,000. Kama lori lake hubeba tani 5,000 kwa msimu, hiyo ni takriban Sh97 kwa tani. Akiombwa apunguze Sh50 kwa tani ili apate siku 30, akubali. Akiombwa Sh300, akatae.

Kila mmoja aweke tarakimu zake mwenyewe. Mwenye pikipiki ya kubeba mboga ana hesabu ndogo zaidi, na mwenye trela mbili ana kubwa zaidi. Swali ni lile lile: gharama zisizokwepeka ni kiasi gani kwa siku, na siku ngapi hupita kabla ya kupata kazi nyingine?

Kuna sababu nyingine ya kutopuuza mstari huo. Mkataba unaporuhusu kusitishwa kwa notisi, na upande mmoja ukaondoka bila kuitoa, fidia mara nyingi hupimwa kwa kile ambacho mtu angepata ndani ya muda wa notisi. Aliyekubali siku 7 amekubali pia kwamba madai yake yatazunguka siku 7. Aidha, sheria huangalia kama aliyeumizwa alifanya juhudi ya kupunguza hasara. Anayeegesha gari na kusubiri kesi, wakati kazi nyingine ilikuwepo, anaweza kukosa sehemu ya fidia.

Notisi bila kazi ni karatasi tupu

Hata notisi ndefu inaweza isiwe na maana. Mkandarasi anaweza kumpa mwenye lori notisi ya siku 60, kisha ndani ya siku hizo asimwite hata mara moja. Mkataba uko hai, lakini gari limesimama. Kampuni ya utalii inaweza kufanya vivyo hivyo: haimwachishi dereva, ila simu yake inaacha kulia.

Jambo hilo huwezekana pale mkataba usipotaja kiasi cha kazi. Mtu anayelipwa kwa tani, kwa tripu au kwa kreti hana mshahara unaoendelea wakati wa notisi. Kwa hiyo urefu wa notisi lazima uambatane na kipimo cha kazi.

Njia nyepesi ni kuandika kwamba katika kipindi cha notisi mtoa huduma atapewa kazi isiyopungua sehemu fulani ya wastani wa miezi mitatu iliyopita, au alipwe fidia ya siku ambazo gari lilikuwa tayari lakini halikuitwa. Kama wastani wake ulikuwa tani 25 kwa siku na wamekubaliana asilimia 70, katika notisi ya siku 30 atabeba angalau tani 525. Hapo notisi inageuka kuwa fedha.

Muuza mboga wa Mikumi anaweza kudai jambo hilo kwa lugha yake: "Mkitaka kuacha, mniambie wiki sita kabla, na wiki hizo mchukue mzigo wa kawaida." Wiki sita si namba ya kubahatisha. Mchicha huvunwa ndani ya wiki chache tangu kupandwa, lakini nyanya na kabichi hukaa shambani miezi kadhaa. Notisi ya muuza mboga ipimwe kwa zao lililokwisha kuoteshwa.

Miwa haing'olewi kwa mwezi mmoja

Kanuni hiyo ina uzito zaidi kwa mkulima wa miwa mwenyewe. Mche ukipandwa huvunwa baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, kisha machipukizi yake huvunwa kwa misimu kadhaa bila kupanda upya. Gharama kubwa ya kulima, mbegu na kupanda huingia mwaka wa kwanza, na hurudi polepole katika mavuno yanayofuata.

Mkulima wa namna hiyo hawezi kulindwa na notisi ya mwezi mmoja. Hata akipewa miezi sita, shamba lake bado lina miwa. Aidha, miwa haikai. Ikishakatwa au kuungua hupoteza utamu haraka, na haivumilii safari ndefu. Kiwanda cha Mkulazi kilichoko Mbigiri pia kiko wilayani Kilosa, lakini kwa mkulima wa Kidodi kiko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara.

Ndiyo maana mauzo ya miwa kwa kiwanda hujadiliwa kwa pamoja kupitia vyama vya wakulima, chini ya Sheria ya Sukari ya mwaka 2001 na Bodi ya Sukari Tanzania, badala ya kila mkulima kujadiliana peke yake. Mwanachama anapopelekewa rasimu kwenye mkutano mkuu aulize maswali mawili. Mkataba huu ukisitishwa, miwa iliyoko shambani itanunuliwa hadi lini? Na chama kikibadilisha mkandarasi wa usafirishaji katikati ya msimu, nani atabeba miwa iliyokwisha kuchomwa?

Mafuriko na maradhi

Kilosa ni wilaya ya mito. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulifurika, watu wengi wakapoteza makazi na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwakumba watoa huduma za utalii: Aprili mwaka huo safari za ndege za kimataifa za abiria zilisitishwa nchini, na hata ziliporuhusiwa tena mwezi Mei, watalii hawakurudi kwa idadi ile ile.

Katika hali kama hizo hakuna aliyekosa, lakini kuna anayeumia. Sheria ya Mikataba inakubali kwamba jambo lililogeuka kuwa lisilowezekana haliwezi kudaiwa litekelezwe. Tatizo ni kwamba kusimama kwa wiki tatu kunaweza kutumiwa kama kisingizio cha kumaliza mkataba mzima.

Ni busara kuandika kwamba janga lisilozuilika husimamisha mkataba, haliufuti, na kwamba likizidi siku fulani, kwa mfano 60, ndipo kila upande utakuwa huru kuondoka. Siku za kusimama zisihesabiwe kuwa siku za notisi.

Mkulima naye ni mteja

Ingekuwa makosa kuiona notisi kama ngao ya mwenye gari peke yake. Mwenye kutoa kazi naye anaihitaji. Shamba likishachomwa, miwa inatakiwa kufika kiwandani haraka. Mwenye lori akiondoka Jumatano kwa sababu kuna anayelipa zaidi kwingine, hasara inamwangukia mkulima ambaye hakuwa kwenye mazungumzo hayo. Kampuni ya utalii yenye wageni getini haiwezi kuwaambia wasubiri hadi dereva mwingine apatikane.

Kwa hiyo notisi inayodaiwa na mwenye gari ndiyo anayopaswa kuitoa. Anayetaka siku 30 kutoka kwa mkandarasi awe tayari kukaa siku 30 hata akipata bei nzuri zaidi. Mikataba ya kampuni mara nyingine huweka siku 7 kwa kampuni na siku 30 kwa mtoa huduma. Sharti la namna hiyo likataliwe mapema. Likishasainiwa, kulipinga ni kazi ngumu.

Makundi madogo ya wakulima wanaokodi trekta yanaweza pia kujilinda. Mvua haisubiri. Mwenye trekta akisema wiki mbili kabla kwamba hatakuja, bado kuna muda wa kutafuta mwingine. Akisema asubuhi ya siku ya kulima, msimu umepotea.

Namna ya kutoa na kupokea notisi

Migogoro mingi kuhusu notisi ni juu ya tarehe. Mmoja anasema alitoa taarifa, mwingine anasema hakuipata. Mkataba useme wazi notisi itatolewa kwa maandishi, itapelekwa kwa nani, na siku zitaanza kuhesabiwa lini. Njia rahisi ni siku inayofuata baada ya kupokelewa. Ieleze pia kama ni siku za kalenda au siku za kazi, kwa kuwa siku 30 za kazi ni zaidi ya mwezi.

Siku hizi kazi nyingi hupangwa kwa simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kutumika kama ushahidi, hivyo ujumbe wa simu unaweza kuwa na uzito. Lakini mkataba ukisema barua tu, ujumbe wa simu unaweza kukataliwa. Ni vyema kuruhusu njia zote mbili na kutaja namba zitakazotumika. Anayepokea barua aandike jina, saini na tarehe kwenye nakala ya mtoaji.

Mkataba wa maandishi ulipiwe ushuru wa stempu Mamlaka ya Mapato. Ni fedha ndogo, lakini hati isiyolipiwa inaweza kukataliwa kama ushahidi hadi ushuru ulipwe.

Mwisho, kusitisha kwa notisi kutofautishwe na kuvunja mkataba. Kazi iliyokwisha kufanyika lazima ilipwe hata kama notisi imetolewa. Mkataba uweke siku ya mwisho ya kulipa tani au safari zilizobaki, kwa kuwa deni la zamani ndilo linalomfanya mtu aendelee kuvumilia kazi isiyolipa.

Mgogoro ukitokea

Anayeamini kuwa ni mwajiriwa aliyeachishwa kinyume cha sheria anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na muda wake ni mfupi: siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Wengi hupoteza haki kwa kusubiri ahadi za mdomo hadi siku hizo zipite.

Mkandarasi halisi anakwenda mahakama ya kawaida kulingana na kiasi anachodai, na madai madogo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Kwa madai ya mkataba, Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 6. Hata hivyo, kesi ya lori lililosimama haisubiri miaka 6, na benki haisubiri hata miezi 6. Kwa hiyo ni bora mkataba uweke hatua ya mazungumzo na msuluhishi anayekubalika na wote kabla ya mahakama.

Mwenye lori moja hana nguvu ya kubadilisha karatasi ya mkandarasi mkubwa. Wenye malori 15 wanaokwenda pamoja na sharti moja wana nguvu hiyo, hasa wiki chache kabla ya msimu kufunguliwa, wakati mkandarasi anahitaji magari kuliko magari yanavyomhitaji. Wakulima wa miwa walijifunza hilo zamani kupitia vyama vyao.

Masika ndiyo wakati wa kazi hiyo. Viwanda vimefungwa, barabara za hifadhini zina tope, na magari yako gereji. Kabla simu ya kuanza msimu haijapigwa, kila mwenye gari aitoe karatasi yake ya zamani na kutafuta mstari wa notisi. Ahesabu siku zilizoandikwa humo, kisha ahesabu siku anazodaiwa na dereva wake, na tarehe ya rejesho la benki. Akikuta ya kwanza ni fupi kuliko hizo mbili, anajua jambo la kwanza la kuzungumza kabla hajakubali kuingia shambani.